Kutoka Mwihoko Hadi Chania na Kioo cha Tata Nyokabi

Tangu nirudi, hakuna aliyeniuliza harusi ilikuwaje. Mnachouliza ni inawezekana vipi mtu atoke Mwihoko asubuhi, afike Thika kesho yake jioni, akiwa na nyasi kwenye nywele na shangazi anayecheka peke yake. Nimechoka kueleza vipande vipande. Kila mmoja wenu ana kipande chake, halafu mkikutana mnabishana kama nilivamiwa na ng'ombe au na walokole. Walikuwa walokole. Ng'ombe alikuja baadaye. Kaeni sasa niwaeleze yote mara moja.

Mnajua kazi yangu. Kibanda changu kiko pale kati ya kinyozi na mama wa chipsi, na kitambaa cha bluu ukutani. Picha za pasipoti, za ubatizo, za graduesheni. Wiki ile ya harusi, Muthoni dada yangu alikuja akaketi kwenye kiti cha wateja, akafungua albamu ya picha nilizompiga tangu nianze kushika kamera.

"Kariuki, angalia hizi."

"Naangalia."

"Hapa nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Umesimama."

"Basi mbona kila mahali naonekana kama mtu ameshikwa na polisi?"

Niliangalia. Kweli, mikono imebana mbavuni, kidevu kimeinuliwa, macho yametoka. Hata kwenye picha ya sherehe ya kumaliza kozi, ambapo najua alikuwa na furaha ya kuruka, alikaa kama anasubiri kusomewa mashtaka.

"Kwa harusi nimetafuta mtu mwingine," akasema. "Wewe ukuje tu kama mgeni. Ukule, unywe soda."

Mimi ndiye mpiga picha wa familia, na dada yangu wa pekee anaolewa! Nikamwambia anipe nafasi. Nikaahidi nitamletea picha za vitu vya kawaida kabisa, vile tunavyoviona kila siku kati ya hapa na Thika tukiwa hatuvioni, lakini kwa macho mapya. Akizipenda, napiga harusi. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyetaka kusema jambo lingine, halafu akasema, "Sawa. Leta."

Mwihoko: kumngojea Migwi

Nilikuwa nimesikia kwamba mpiga picha anayetaka macho mapya lazima abadilishe pale anaposimama. Alale chini. Apande juu. Na asiende kwa gari, kwa sababu ndani ya gari mtu anaona migongo ya viti. Basi nikaamua kwenda kwa miguu.

Jioni kabla ya safari, Tata Nyokabi, dada ya marehemu baba, alinipigia simu. Netiwaki ilikuwa inakatika.

"Unaenda Thika na nini?"

"Naenda na miguu, Tata!"

"Ni vizuri! Nitakuja asubuhi tuende pamoja!"

Nilishangaa, maana Tata si mtu wa kutembea. Lakini nikafikiri labda amepata nguvu za kiroho.

Asubuhi nilimkuta nje ya kibanda amevaa viatu vya harusi tayari, vile vya kisigino, mkoba mkononi. Kando yake, kimeegemea ukuta na kufunikwa shuka la maua, kulikuwa na kitu kirefu kunishinda.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kioo. Zawadi ya Muthoni. Fundi amenitengenezea. Migwi yuko wapi?"

"Migwi nani?"

"Haiya! Si ulisema unaenda na Migwi?"

"Nilisema naenda na miguu."

Tata alinitazama usoni, akashuka polepole hadi kwenye viatu vyangu, akarudi juu.

"Hii miguu?"

"Hii."

Akaketi kwenye stuli ya kinyozi bila kuombwa. "Na vile nimeambia majirani wote wa ploti kwamba Migwi anakuja na gari."

Tulijaribu matatu. Utingo wa kwanza aliuliza kama huo ni mlango na kama nyumba imebaki nyuma. Wa pili alisema kioo kiingie lakini sisi tubaki. Baada ya hapo nikakubali kwamba kioo nacho kitaenda Thika bila gari. Ndipo tukampata Ndegwa, mtu wa mkokoteni, aliyekuwa anaupeleka Ruiru ukiwa mtupu kuchukua mbao. Ndegwa alikuwa na sharti moja: kioo kisimame. Alisema kioo kikilazwa kwenye mkokoteni, jiwe la kwanza tu linakimaliza. Basi akakifunga wima kwa kamba, kikiangalia nyuma, na tulipopita mtaro wa kwanza shuka likaanguka.

Kwa hivyo tulitoka Mwihoko tukiwa na nusu ya mtaa ndani ya kioo: ghorofa zenye nguo za kuanikwa, mama wa chipsi akitupungia mwiko, mbwa akikimbia kutufuata na mwenzake ndani ya kioo akikimbia kuja kumlaki. Mimi sikuona lolote kati ya hayo. Tata ndiye aliyenieleza baadaye. Mimi nilikuwa nimechuchumaa njiani nikipiga picha gurudumu.

Ruiru: nalala chini

Ndegwa alituacha Ruiru karibu na stendi, akaegemeza kioo kwenye kibanda cha viatu, akatutakia heri. Tata akavua viatu vyake, akanunua malapa, akaketi chini ya mwavuli wake. Mimi nikaona kazi inaanza. Watu walikuwa wakipita kwa wingi, na nilitaka kuwaona vile sijawahi kuwaona, yaani kutoka chini kabisa. Nikatandika gazeti kando ya njia, nikalala kifudifudi, kamera kwenye jicho.

Ilikuwa nzuri. Visigino, gumbuti, soksi za rangi mbili. Nilikuwa nimetulia, nimeshika pumzi ili mkono usitikisike. Kumbe mtu aliyelala kifudifudi kando ya njia akiwa ameshika pumzi, watu wanamwelewa tofauti.

"Mtu ameanguka!"

"Usimguse! Mguse!"

"Ni kifafa!"

Kabla sijageuka, kundi la akina mama waliokuwa wanatoka kwenye maombi ya mchana likanizunguka. Mmoja akaweka mkono kichwani pangu, mwingine mgongoni, na wa tatu, mwenye leso ya zambarau, akanimwagia chupa nzima ya maji.

"Niko sawa!" nikapiga kelele. "Napiga picha!"

"Roho ya picha, toka!" akasema wa leso ya zambarau. Wenzake wakaitikia.

Nilijaribu kuinuka, lakini niliposhinda nguvu upande mmoja walinikandamiza upande mwingine kwa upendo mkubwa. Nikamtafuta Tata kwa jicho. Alikuwa amesimama nyuma yao, mwavuli mkononi, ametulia kabisa.

"Tata, waambie!"

Tata akasogea. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu," akawaambia. "Ni mzima. Lakini mkimaliza naye, mniombee pia mtu anaitwa Migwi, ametuacha njiani na kuna harusi."

Waliniombea mimi kidogo. Migwi wakamwombea mpaka jua likasogea. Waliomba arudi, aache pombe, akumbuke familia yake. Tata alikuwa anasema amina kwa sauti kuliko wote.

Baadaye walitufungulia makopo yao ya githeri, mahindi na maharagwe yenye parachichi limekatwa juu, tukala pamoja ukingoni mwa barabara. Yule wa leso ya zambarau aliniuliza kwa upole picha nilizokuwa napiga ni za nini. Nikamwonyesha. Akazitazama moja baada ya nyingine.

"Ni viatu," akasema.

"Ndiyo."

"Unauza viatu?"

Kahawa, punda na ng'ombe

Kupitia kwa wale akina mama tulimpata mzee Njuguna, mwenye mkokoteni wa punda, aliyekuwa anarudi upande wa Juja. Njuguna ni mtu asiyependa barabara kubwa, kwa hivyo alitupitisha njia ya ndani, ya mchanga mwekundu, kando ya mashamba ya kahawa. Kioo kilisimama kama kawaida. Tata alikaa mbele pamoja na Njuguna, wakizungumzia bei ya mbolea na ugonjwa wa goti.

Nilipoona mti mkubwa wa mukima nikamwomba asimamishe punda. Chini palinishinda Ruiru, nikasema nijaribu juu. Nikapanda hadi tawi la kwanza, la pili, la tatu. Kutoka kule kahawa ilipangika kama mistari ya kitana, na mkokoteni ukawa kama kisanduku cha kiberiti. Nikapiga picha nyingi za kofia ya Njuguna.

Ndipo ng'ombe akatokea. Alikuwa mkubwa, mweusi na mweupe, anaburuta kamba iliyokatika. Alikuja taratibu akila nyasi, akainua kichwa, akajiona ndani ya kioo.

Alisimama. Yule mwingine naye akasimama. Akapuliza pua. Yule mwingine naye akapuliza. Hapo akainamisha pembe.

"Tata!" nikaita kutoka juu.

Tata alikuwa ameshashuka. Ninyi mnamjua Tata Nyokabi, mwanamke mnene, mfupi, mwenye pumzi fupi. Alisimama katikati ya ng'ombe na kioo, akafungua mwavuli kwa kishindo.

"Wewe! Hii si yako! Hii ni ya Muthoni!"

Ng'ombe akafikiria. Njuguna akajificha nyuma ya punda wake, na punda akaangalia pembeni kama hamjui yeyote kati yetu. Mimi nilitaka kushuka lakini mguu wangu ulikuwa umenasa kwenye panda ya tawi. Mwishowe ng'ombe akapita kando ya mwavuli kwa adabu, akakaribia kioo, akamlamba yule mwenzake usoni, kuanzia kidevu hadi kipaji.

Mwenye ng'ombe alikuja mbio kutoka kwenye kahawa, mwanamke wa makamo mwenye gumbuti na sweta iliyotoboka kiwiko. Alimtukana ng'ombe, akatushukuru, akashika ile kamba. Alipokuwa anageuka kwenda, akakutana na yeye mwenyewe.

Sijui mara ya mwisho alijiona mzima lini, kuanzia kichwa hadi gumbuti. Alisimama tu. Akavuta kilemba mbele kidogo, akakirudisha nyuma. Akafungua mdomo akakagua jino la pembeni. Akageuka ubavu, akavuta tumbo ndani, akaliachilia, akacheka pumzi moja puani. Ng'ombe alikuwa amemwekea kichwa begani, naye akijiangalia.

Nilipiga picha moja. Sikufikiri kuhusu juu wala chini. Nilipiga kwa sababu kamera ilikuwa mkononi na sikuweza kutofanya hivyo. Kisha nikaanguka, si kutoka juu sana, na huko ndiko zile nyasi za kwenye nywele zilikotoka.

Juja: chakula cha bibi harusi

Giza lilianza kuingia tukiwa Juja, na Tata akasema tutalala kwa rafiki yake wa kanisa, Mama Wanjiku. Mume wake, Baba Wanjiku, masikio yake yamechoka. Alitupokea mlangoni, akaona kioo, akaona Tata na viatu vya harusi mkononi, akafurahi sana.

"Hongera! Ni lini?"

"Jumamosi," akasema Tata.

"Na bwana anaitwa nani?"

Tata alinigeukia. Nikaona amechoka hadi kwenye mifupa, hana nguvu za kupigia kelele masikio ya mtu akieleza habari za dada yangu.

"Migwi," akasema.

Chakula kiliongezwa papo hapo. Mukimo ukaja, viazi vya kupondwa, vya kijani kibichi, vyenye mahindi, na kuku ambaye nadhani alikuwa amepangiwa Jumapili. Tata alipewa paja la kwanza na ushauri mrefu kuhusu ndoa. Baba Wanjiku alimwambia asimwache Migwi asafiri-safiri, kwa maana mwanamume anayekosa safari ya harusi yake atakosa mengi. Tata aliitikia kwa heshima na kuomba chumvi. Mama Wanjiku, ambaye masikio yake ni mazima na alielewa kila kitu, alikimbilia jikoni mara kwa mara akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

Baada ya chakula waliomba kuona picha. Nikawapitisha kwenye viatu vya Ruiru. Waliviangalia kama watu walio kwenye matanga. Nikawapitisha kwenye kofia ya Njuguna. Baba Wanjiku akapiga mwayo. Halafu ikaja ile ya yule mwanamke na ng'ombe wake, na wote watatu wakainama pamoja.

"Huyu ni nani?" akauliza Mama Wanjiku.

"Hata sijui jina lake."

"Ni kama namjua. Angalia vile amevuta tumbo."

"Ni kama mimi kabla ya kwenda kanisani," akasema Tata.

Walicheka, lakini cheko la kumpenda. Wakarudi kwake tena na tena. Nililala nikimfikiria. Nilikuwa mtini, nimenasa kama kishada, na yeye hakujua kama nipo. Hakunipa sura yoyote. Ile sura alikuwa amejipa mwenyewe.

Kwa mananasi hadi Thika

Asubuhi tulipata pikapu iliyokuwa inapeleka mananasi kwenye kiwanda kimoja cha matunda Thika. Dereva alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Shiko, anayetafuna njugu na kuendesha kwa mkono mmoja. Tata akakaa mbele, mimi na kioo tukapanda nyuma juu ya mananasi. Yeyote anayewaambia kwamba nanasi ni tunda la starehe hajawahi kulikalia.

Sasa nilikuwa na mpango. Kila Shiko aliposimama, na alisimama kila mahali kwa sababu anajua kila mtu, nilikishusha kioo nikakiegemeza kwenye pikapu, nikasogea pembeni nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Wala sikumwita yeyote. Walikuja wenyewe.

Makanika mmoja, mweusi kwa oili, alijaribu tabasamu kubwa, akaona limezidi, akajaribu dogo, akalichagua hilo na kuondoka nalo. Mama wa chapati alisimama akajinyooshea kidole: "Nilisema tarehe tano! Si nilisema tarehe tano?" Akajitingishia kichwa, akarudia kwa ukali zaidi. Nadhani alikuwa na mkutano wa chama cha kuweka akiba. Mzee mmoja mwenye koti alivua kofia akasalimia, "Habari yako," kisha akagundua ni nani, akaangalia huku na huku, akacheka ameziba mdomo. Alipofika mbali kidogo akarudi, akasalimia tena.

Nilikuwa napiga picha moja baada ya nyingine. Vitu vilikuwa vile vile vya kila siku: chapati, oili, koti la mzee. Nimepita watu kama hao maisha yangu yote nikiwaza tu jinsi ya kuwasimamisha vizuri.

Shiko aliniona. "Bro, hizo picha ni za nini?"

"Za dada yangu. Nikimfurahisha, napiga harusi yake."

"Na usipomfurahisha?"

"Nakunywa soda."

Akatafuna njugu, akafikiri. "Soda si mbaya," akasema.

Eneo la Viwanda: getini

Shiko alituteremsha nje ya kile kiwanda akaingia na mananasi yake. Zamu zilikuwa zinabadilishana, na wafanyakazi walikuwa wanamiminika getini na ovaroli zao. Nikaegemeza kioo ukutani. Wasichana wawili walikuwa tayari wanapigania nafasi ya kupaka mafuta ya midomo, nami nimepiga picha tatu, niliposikia filimbi.

"Wewe wa kamera! Hapa hakuna picha!"

Alikuwa mlinzi, kijana mwembamba mwenye koti kubwa. Alitazama kamera, akatazama kioo kilichoelekea getini, na nikaona hesabu ikijumlika kichwani mwake.

"Haa! Mnatumia kioo kuangalia ndani!"

"Kuangalia nini ndani?"

"Siri!"

"Tumekuja na mananasi," akasema Tata.

"Mananasi yako wapi?"

Yalikuwa yameingia. Na Shiko pamoja nayo.

Alichukua kamera akaiweka kwenye kibanda chake na kusema tungoje mkubwa. Tukangoja. Saa ya chakula ikapita. Jua likahama kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mtaro, na kwa mara ya kwanza tangu Mwihoko sikuona cha kucheka. Kesho harusi. Kila kitu nilichokuwa nacho kiko ndani ya kamera ile, na mkubwa akija akifuta zote, nitaingia harusini Chania na mikono mitupu na malengelenge ya mananasi.

Mkubwa alipokuja alikuwa mama mrefu, sare imepigwa pasi hadi inakata. Walinzi walimwita Madam Achieng' na kusimama wima hata walipokuwa wamekaa vizuri. Akachukua kamera.

"Nionyeshe."

Nilimwonyesha pa kubonyeza. Akaanza kupitia, uso haubadiliki. Mama wa chapati. Makanika. Alipofika kwa mzee wa koti, bega lake moja likaruka. Akarudi nyuma, akamwangalia tena. Bega likaruka tena.

"Alijisalimia?"

"Mara mbili, madam."

Akakigeukia kioo, kwa haraka ya mtu anayetaka kuhakikisha ushahidi. Akarekebisha bereti. Akajikunjia uso. Akaukunja zaidi, ule uso wake wa kazi, akautazama kwa makini kama anauona kwa mara ya kwanza, halafu mdomo ukamsaliti. Alicheka hadi akashika ukuta. Yule mlinzi mwembamba hakujua kama anaruhusiwa kucheka, kwa hivyo akakohoa.

Kamera yangu alikuwa nayo yeye. Picha hiyo mnaisikia tu kwa mdomo wangu.

"Hizo tatu za hapa, futa mbele yangu," akasema akinirudishia. "Watu wetu hawakuombwa ruhusa. Halafu mwende salama."

Nikazifuta kibandani, yeye akisimamia. Zilikuwa nzuri na ziliniuma, lakini alikuwa na haki. Nikashukuru, nikatoka kumtafuta Tata nimpe habari.

Alikuwa nje, mbele ya kioo, peke yake. Barabara ilikuwa imetulia. Hakunisikia. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, nywele zake nyeupe ziko wazi, na alikuwa amegusa shavu lake kwa vidole viwili, kwa upole, kama unavyogusa shavu la mtu mwingine aliyelala. Nikapiga. Kisha nikateremsha kamera.

"Kariuki," akasema bila kugeuka. Kumbe alikuwa anajua. "Kuja uone. Nimekuwa mama yangu."

Nikasimama kando yake. Ilikuwa kweli. Cucu yetu, mama yake Tata, alikuwa amesimama pale ndani ya kioo, na mwavuli wa Tata mkononi.

"Ni lini nimekuwa hivi?" akauliza.

Nikamshikia kitambaa akajifunga tena.

Chania

Shiko alipomaliza foleni ya kupakua alituhurumia, akatufikisha sisi na kioo, kikiwa kizima, mpaka kwenye hoteli ya harusi, ile ya zamani kando ya maporomoko ya Chania. Viti vyeupe vilikuwa vinapangwa kwenye nyasi, na maji yalikuwa yananguruma hivi kwamba kila mtu alikuwa anapaza sauti kama ana hasira. Muthoni alikuja mbio, nywele zimesukwa nusu.

"Mmetoka wapi? Tumepiga simu tangu jana!"

"Ni Migwi," akasema Tata, akaenda kutafuta chai.

Tulikaa kwenye ukuta wa mawe, mimi na dada yangu. Nikampa kamera. Viatu alivipita haraka. Kwa mwanamke wa ng'ombe akapiga kelele. Kwa mama wa chapati akacheka mpaka akanipiga mguu. Nikahesabu ushindi. Halafu akafika kwa Tata. Akainua ile skrini karibu na macho.

"Hii nataka kubwa," akasema. "Ya ukutani."

"Kwa hivyo kesho nipige?"

Akanirudishia kamera. "Hapana."

"Muthoni! Lakini umezipenda!"

"Nimezipenda sana. Lakini yule mpiga picha wangu bado anakuja." Alikuwa anapaza sauti juu ya maji, na macho yake yalikuwa yamelowa, sijui kwa manyunyu au kwa nini. "Kariuki, baba hayuko. Ni nani atanishika mkono anitoe kesho? Wajomba wote wameniuliza. Mimi nataka wewe."

Nikaiweka kamera juu ya mawe.

"Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia, ungesema utafanya yote mawili. Ungenishika na mkono mmoja, ukipiga picha na ule mwingine."

Nilifungua mdomo kukataa, nikaona hasa vile ningeishika kamera.

"Sasa mbona ulisema nilete picha?"

"Nilifikiri itakupa kazi kidogo uache kununa. Sikujua utaenda na miguu."

Suti sikuwa nayo, kwa sababu mgeni wa kunywa soda hahitaji suti. Asubuhi ya harusi, mhudumu mmoja wa hoteli aliniazima koti lake, jeusi, zuri, mikono ikiishia karibu na viwiko. Kamera nilimwachia Tata, naye akaiweka ndani ya mkoba pamoja na malapa.

Tulitembea kwenye zile nyasi, Muthoni na mimi, na kisigino chake kilizama mara mbili nikakichomoa. Alikuwa amenibana mkono hadi vidole vikafa ganzi. Pasta akauliza kitu. Sikusikia kwa sababu ya maji.

"Ati?"

"Nani anamtoa binti huyu aolewe?"

"Mimi! Kaka yake!" nikajibu.

Akaweka mkono sikioni. Naye hakusikia. Nikavuta pumzi, nikapiga yowe hilo jibu hadi watalii waliokuwa juu kwenye ukingo wa maporomoko wakageuka na mbwa wa hoteli akabweka. Watu wote wakacheka. Bwana harusi akacheka. Muthoni alicheka hadi akainama, shela likamwangukia usoni, akalipuliza pembeni kwa mdomo, na hakujali nani anaangalia.

Kisha akanifinya mkono na kuuachilia. Nikaenda kukaa mstari wa mbele, kwenye kiti cheupe, koti limenibana, mikono mitupu juu ya magoti, na macho yangu hayakuwa na kazi nyingine yoyote ila kumwangalia.